Paka mzee mwenye figo mbovu: dalili moja moja, chanzo chake na la kufanya kwanza

Paka wangu Karafuu alikuwa na miaka 15 alipoanza kunywa maji ya ndoo ya kudekia. Ilikuwa Februari, Tanga ikichemka, nami nikasema ni joto. Masika ikaja, kiu ikabaki palepale. Siku moja nikampakata nikagundua naweza kuhesabu pingili za mgongo wake kwa kidole. Alikuwa ameshuka kutoka kilo 4.2 hadi 3.4. Daktari wa mifugo akapima damu na mkojo, akasema ni figo. Tuliishi na ugonjwa huo miaka miwili na miezi mitano zaidi, na mingi ya miezi hiyo ilikuwa mizuri.

Tangu hapo wenye paka wazee hunijia na maswali yaleyale: anakunywa mno, hali chakula, anatapika, hapati choo, kapofuka ghafla. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachoonekana mara nyingi.

Figo za paka zina akiba kubwa. Dalili huanza kujitokeza wakati takriban theluthi mbili ya uwezo wake umeshapotea, na kilichopotea hakirudi. Lakini kinachomtesa paka leo asubuhi ni kiu, kichefuchefu, potasiamu iliyoshuka, presha iliyopanda au choo kilichokauka, na kila kimoja kati ya hivyo kina la kufanywa. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "ah, ni uzee tu" huwa naumia. Paka wengi wameteseka bure kwa neno hilo.

Kabla ya dalili yoyote

Tafuta mizani inayosoma gramu, daftari na tochi. Mpime paka mara moja kwa wiki, siku ileile. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 200, jicho halitaona kitu, lakini hiyo ni sawa na mtu wa kilo 60 kupoteza kilo 3. Akiwa amelala usingizi mzito, hesabu pumzi zake kwa dakika moja: kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zisizidi 30. Andika. Namba hiyo utaihitaji ukianza dripu.

Kwa daktari, omba vipimo vya kreatinini na yurea (taka za damu ambazo figo huchuja), fosforasi, potasiamu, wingi wa damu, mkojo na presha. Miji mingi kwetu damu ya paka hupelekwa maabara ya binadamu, na hapo kuna mtego. Mashine inapima vizuri, ila karatasi huchapishwa na viwango vya watu. Kwa mtu, kreatinini ya miligramu 1.5 kwa desilita huandikwa "juu", wakati kwa paka bado iko chini ya 1.6, mpaka ambao madaktari wa figo za wanyama huutumia kuanzia hatua ya pili ya ugonjwa. Hatua hiyo huenda hadi 2.8, ya tatu hadi 5.0, na ya nne ni zaidi ya hapo. Mtego mwingine ni wembamba: kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo paka aliyekonda sana anaweza kuonyesha namba nzuri huku figo zimechoka. Mkojo nao upimwe uzito wake, yaani jinsi ulivyokolea, kwa kifaa cha lenzi. Karatasi ya rangi ya kuchovya haisemi kweli kuhusu uzito wa mkojo wa paka.

Anakunywa na kukojoa kupita kiasi

Kwa paka mzee chanzo cha kwanza ni figo kushindwa kukoleza mkojo: maji yanatoka, naye hunywa kuyafidia. Baada ya hapo fikiria kisukari, kisha tezi ya thairoidi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi (huyu hula sana na bado anakonda), halafu maambukizi ya njia ya mkojo. Usisahau chakula: aliyehamishwa kutoka samaki wa kuchemsha kwenda punje kavu lazima anywe zaidi.

Pima. Asubuhi weka mililita 500 kwenye bakuli, na bakuli jingine kama hilo liweke juu ya kabati, asipofika. Kesho yake pima yaliyobaki kote kuwili. Lililo juu ya kabati linakuonyesha maji yaliyokwenda na joto, nayo kwa pwani si kidogo. Paka anayekunywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku ana tatizo bila shaka. Nusu ya hapo inatosha kukupeleka maabara.

Usimnyime maji hata kidogo, hata kama anakojoa sebuleni. Muongezee bakuli, moja kila chumba anachopenda kulala. Visima vingi vya pwani vina chumvi, basi mpe maji matamu, yaleyale mnayokunywa wenyewe. Mchuzi wa kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu unasaidia. Vitunguu vyote viwili huharibu damu ya paka. Na akikojoa nje ya sanduku la mchanga, angalia kwanza ukingo wake: paka mwenye magoti yanayouma haruki ukingo mrefu. Mimi nilikata upande mmoja wa beseni la plastiki kwa kisu cha moto, ugomvi ukaisha.

Simama hapa: akichuchumaa mara kwa mara, akajikamua na hakuna kinachotoka, hasa shume, hiyo ni njia ya mkojo kuziba. Mpeleke saa hiyohiyo. Kesho asubuhi anaweza kuwa amekufa.

Anasogelea chakula, ananusa, anaondoka

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu tunadhani paka anadeka. Paka wa figo akinusa chakula kisha akageuka, mara nyingi ana njaa na kichefuchefu kwa pamoja. Mtazame: analamba midomo, anameza mate, udenda unamtoka, au anakwangua sakafu kando ya bakuli kama anayefukia kinyesi. Hicho ni kichefuchefu hata kama hajatapika mara moja. Daktari ana dawa zake: maropitanti ya kuzuia kutapika, na mirtazapini ambayo hutuliza tumbo na kuleta hamu ya kula. Ziombe mapema.

Chanzo cha pili ni kinywa. Mfunulie mdomo kwa upole, mulika tochi. Ufizi mwekundu, jino linalotikisika, vidonda kwenye ulimi, harufu kali kama ya mkojo. Harufu hiyo maana yake sumu ambayo figo zimeshindwa kuitoa imepanda kwenye damu, na vidonda humfanya alie akitafuna. Cha tatu ni chakula chenyewe kubadilishwa ghafla. Halafu huja upungufu wa maji mwilini, choo kilichokwama, potasiamu ya chini, damu pungufu, na mwisho maambukizi ya figo, ambayo huweza kuja na homa.

Anza na yaliyo rahisi. Pasha chakula hadi kifikie joto la mwili, nyuzi 38 hivi. Kiganja kikisikia uvuguvugu inatosha. Sahani iwe pana, masharubu yasiguse kingo. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita, na kilichoachwa kiondoe.

Kuhusu chakula maalumu cha figo: kinasaidia kweli, maana kina fosforasi ndogo na protini ya kiasi. Kosa langu lilikuwa kumbadilishia siku moja. Alikigomea, nikabishana naye, na wiki mbili za uzito zikapotea. Changanya kijiko cha kipya kwenye cha zamani, ongeza taratibu kwa wiki tatu hadi sita. Usikianzishe siku anazotapika, atakichukia moja kwa moja, na usifiche ndani yake kidonge kichungu. Kama amegoma kabisa, mpe chochote salama anachokubali. Paka asiyekula hafi kwa figo peke yake: akikaa siku mbili tatu bila kula, hasa aliyekuwa mnene, ini lake hujaa mafuta na hapo una magonjwa mawili.

Sasa dagaa. Najua nyumba nyingi, paka amekulia ugali na dagaa, Kenya wakiita omena. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, na fosforasi nyingi ya samaki iko mifupani. Wakikaushwa kwa chumvi ndiyo zaidi. Kwa figo nzima hakuna neno, kwa figo zilizochoka fosforasi isiyotoka huzidi kuziharibu. Kama chakula cha figo hakipatikani au bei imekushinda, punguza dagaa, vichwa vya samaki na maini. Mpe mnofu wa samaki usio na miba, kuku bila ngozi, ute wa yai uliopikwa (una protini nzuri na fosforasi kidogo sana), na wali kidogo. Lakini mlo huo peke yake kwa miezi haujakamilika, hauna kalsiamu ya kutosha wala taurini (kirutubisho cha lazima kwa paka) ya uhakika. Mwambie daktari unachompikia akupe cha kuongeza.

Fosforasi ikibaki juu baada ya kubadilisha mlo, kuna dawa za kuikamata tumboni. Hufanya kazi zikichanganywa na chakula. Kwenye tumbo tupu hazina maana. Usijinunulie dawa ya kiungulia ya watu ukidhani ni ileile, nyingi zina magnesiamu ndani.

Simama hapa: saa 24 bila kugusa chakula, piga simu. Saa 48, ondoka nyumbani na paka mkononi. Na usimlishe kwa bomba la sindano akiwa na kichefuchefu. Utampaliza, na atakukimbia kila akikuona na kijiko.

Anatapika

Povu la njano alfajiri mara nyingi ni tumbo tupu: mpe mlo mdogo kabla hujalala. Manyoya yaliyosokotana yakija mara moja moja, mchane kila siku. Kutapika baada ya kila mlo ni kichefuchefu cha figo hadi ithibitike vinginevyo. Kukwama kwa choo nako hutapisha, wengi hawalijui hilo. Akitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, au matapishi yana damu au yanafanana na unga wa kahawa, usijaribu chochote nyumbani.

Hajapata choo

Mwili uliokaukiwa hunyonya maji popote yalipo, hata kwenye utumbo mpana, na choo kinabaki kokoto. Paka mzee akipitisha siku mbili bila choo, shughulika. Kwanza maji: chakula chenye unyevu, mchuzi, dripu kama ameandikiwa. Potasiamu ya chini hulegeza utumbo, na baadhi ya dawa za kukamata fosforasi hufunga choo, kwa hiyo mkumbushe daktari orodha yote ya dawa. Laktulozi, dawa ya maji ya kulainisha choo, inafaa wengi, kipimo kitoke kwake.

Usimwekee paka dawa ya watu ya kusafisha utumbo kwa nyuma. Zile zenye fosfeti humuua, na paka wa figo ndiye wa kwanza.

Dripu ya nyumbani inasumbua

Daktari akikuandikia maji ya chini ya ngozi, atakufundisha kwa vitendo kliniki. Usianze kwa kusoma tu. Kwa paka wa kilo 4 kiasi cha kawaida ni mililita 100 hadi 150 kwa mara moja. Idadi ya siku huiamua yeye baada ya kusikiliza moyo. Maji ni ya Ringer au ya chumvi ya kawaida. Dripu yenye glukosi haiwekwi chini ya ngozi ya paka.

*Haitiririki.* Ukiona hivyo, kagua kutoka juu kwenda chini. Kizibo cha mrija kimefunguliwa? Kuna mpira uliokunjika? Mfuko umening'inia angalau mita moja juu ya paka? Kama vyote viko sawa, ncha ya sindano imegusa ngozi kwa ndani. Izungushe kidogo au ivute nyuma milimita chache. Sindano ya geji 18 ni nene kuliko ya 20, maji hupita haraka na kikao kinakuwa kifupi.

*Anaruka ukimchoma.* Mara nyingi maji ni ya baridi. Tumbukiza mfuko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu robo saa, kisha jimwagie matone kwenye kifundo cha mkono: usisikie baridi wala moto. Sababu nyingine ni sindano iliyokwisha kutumika. Sindano mpya kila mchomo, bila ubahili.

*Maji yanavuja manyoyani.* Umetoboa ngozi ukatokea upande wa pili, au hukubana tundu ulipoichomoa. Bana kwa vidole dakika moja. Tone moja la maji mekundu lisikutishe.

*Nundu imeshuka hadi mguuni.* Ni uzito wa maji tu, hunyonywa baada ya saa kadhaa. Ikibaki hadi kesho yake, usimwongezee dripu nyingine bila kuuliza. Ikiwa ya moto na inauma, ni maambukizi.

Mfuko ukiwa na ukungu au chembe, mwaga, hata kama ulinunuliwa jana.

Simama hapa: pumzi za usingizini zikipita 40, au akihema mdomo wazi, acha dripu na umpeleke. Maji yanaweza kuwa yameingia kifuani.

Amelegea, shingo inainama, miguu ya nyuma haina nguvu

Paka anayetembea kidevu kikiwa karibu na kifua, kama anatafuta kitu sakafuni, ana potasiamu ya chini hadi kipimo kikatae. Figo huimwaga mkojoni. Akipewa potasiamu ya kuongeza kwa kipimo cha daktari, huinua kichwa baada ya siku chache. Kwa Karafuu ilikuwa siku tatu, na asubuhi ya nne nilimkuta dirishani.

Kisha tazama ufizi. Ukiwa mweupe kama karatasi, damu imepungua, kwa sababu figo ndizo zinazouamuru uboho kutengeneza damu. Ila kabla ya kuzilaumu, mpekue viroboto: wakiwa wengi wanammaliza paka mzee. Hapo jihadhari. Dawa ya kupe ya mbwa yenye permetrini ni sumu kwa paka, hata kumlaza na mbwa aliyepakwa leo ni hatari.

Viungo vya uzee navyo huuma, na ndipo watu hufungua kabati la dawa. Nasema hili kwa nguvu zote: Panadol, yaani parasetamoli, inaua paka. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinatosha. Diklofenaki na ibuprofeni humalizia figo zilizobaki. Dawa ya maumivu ya paka wa figo ipo, lakini ni ya daktari tu.

Miguu ya nyuma ikipooza ghafla, ikawa ya baridi, naye akilia kwa maumivu, hilo ni donge la damu limeziba mshipa. Nenda sasa hivi.

Anajigonga ukutani, mboni zimetanuka

Presha. Paka wa figo hupanda presha kimya kimya hadi pazia la ndani ya jicho linapobanduka. Mulika tochi: mboni ya kawaida husinyaa, hii hubaki pana. Akifika kwa daktari ndani ya saa chache na kuanzishiwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, baadhi hurudishiwa mwanga. Akichelewa siku kadhaa, si rahisi. Kipimo cha juu kikiwa 160 kuendelea kinahitaji kufuatiliwa, 180 ni hatari ya haraka. Kabla daktari hajapima, paka akae dakika tano hadi kumi atulie kwenye kikapu chake, hofu peke yake hupandisha namba. Kulia usiku bila sababu nako kupimwe presha na thairoidi kabla ya kusingizia uzee.

Siku mbaya zimekuwa nyingi kuliko nzuri

Katika daftari lile la uzito, kila jioni nilikuwa naandika mambo matatu: amekula? Amejilamba manyoya? Amekuja mwenyewe nilipo? Wiki ya mwisho zilikuwa hapana tupu, na dawa zote tulikuwa tumeshazijaribu. Daftari lilinisaidia kuamua, kwa kuwa moyo ulikuwa bado unadanganya.

Wapo ambao kwa imani yao hawataki sindano ya mwisho. Hao wamwombe daktari waziwazi dawa ya maumivu na ya kichefuchefu ya kumfikisha, na waache kumlazimisha chakula na dripu. Wanaoichagua, waulize mambo mawili mapema, wakati bado wanaweza kuongea: kama daktari atakuja nyumbani, na kama atampa kwanza sindano ya usingizi ndipo ile nyingine. Wa kwetu alikuja saa kumi jioni. Karafuu alilala kwenye kanga yangu, kichwa juu ya mkono, na alikuwa tayari yumo usingizini dakika kadhaa kabla sindano ya pili haijafunguliwa.